Daftari Litangulie Tingatinga

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayeishi Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, ameniandikia hivi: “Tangu 2024 tunasikia kwamba kituo kikubwa cha data kitajengwa Olkaria na kutumia umeme wa mvuke. Kuna wanaosema kitatukausha maji, na kuna wanaosema vijana watapata kazi. Sisi hatuna maabara wala wakili. Tuna nyenzo gani za kufuatilia athari zake, na tuanze lini?”

Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu limebeba mengine yote. Anzeni sasa, kabla tingatinga la kwanza halijafika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maji yenu, hewa yenu na utulivu wenu wa usiku ni mali.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria kikao cha kusikiliza malalamiko ya wanakijiji dhidi ya machimbo ya mawe. Mzee mmoja alikuja na daftari lake la kurasa 96, limejaa: siku za vumbi, watoto waliokohoa, nyufa za ukuta. Kazi nzuri mno. Wakili wa kampuni alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akamuuliza jambo moja tu: “Mzee, ukurasa wa kabla hatujaja uko wapi?” Haukuwepo. Alianza kuandika miezi miwili baada ya baruti ya kwanza. Malalamiko yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa na cha kulinganishwa nacho, na kikao kikaisha hivyo. Sijamsahau yule mzee alivyolifunga daftari lake.

Olkaria jambo hili lina uzito kuliko karibu mahali pengine popote nchini, kwa sababu huko tayari kuna mengi. Mitambo ya umeme wa mvuke iko hapo tangu 1981, na ile harufu ya yai bovu mnayoisikia asubuhi za baridi ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi inayotoka na mvuke. Mashamba ya maua yanavuta maji na kutumia dawa. Ziwa lenyewe lina tabia yake: mwanzoni mwa 2010 lilikuwa limepungua sana na samaki wakafa kwa wingi, kisha miaka kumi baadaye likafurika hadi likaingia katika nyumba za watu Kihoto. Kikija kituo cha data na kisima chako kikashuka mita mbili, kampuni itanyoshea kidole mashamba, mashamba yatanyoshea kidole ukame, na ukame hauna ofisi ya kupokea barua. Atakayewatenganisha hao ni mwenye vipimo vya kabla.

Tuuangalie mradi wenyewe. Kituo cha data ni jengo lililojaa seva, yaani kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana. Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais Ruto Marekani, kampuni za Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza uwekezaji wa dola bilioni 1 nchini Kenya, na sehemu kubwa ya mpango huo ni kituo cha data Olkaria. Kilichotajwa ni megawati 100 kwa kuanzia, na uwezekano wa kupanuliwa hadi gigawati 1. Pima ukubwa huo. Mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya Kenya nzima yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025, na mitambo yote ya mvuke nchini ikijumlishwa ina uwezo ulio chini kidogo ya megawati 1,000. Kwa hiyo swali la kwanza la baraza si kama mradi ni mzuri au mbaya. Ulizeni: tunazungumzia megawati ngapi katika ombi hili la kibali? Athari za 100 si athari za 1,000, na kibali cha awamu ya kwanza kisigeuzwe mlango wa awamu ambazo hazijajadiliwa.

Sasa maji, maana hapo ndipo penye hofu kubwa na ndipo penye uvumi mwingi. Seva hutoa joto, na joto hilo lazima liondolewe. Kuna njia ya kuvukiza maji, inayookoa umeme lakini inakunywa maji mchana kutwa. Kuna pia ya kuzungusha maji yaleyale ndani ya mabomba yaliyofungwa na kupoza kwa feni, inayotumia maji kidogo lakini umeme zaidi. Kipimo kinachotumika ni lita ngapi za maji kwa kila kilowati-saa moja ya umeme. Wastani unaotajwa sana katika sekta hii ni karibu lita 1.8, ingawa vituo vinavyozungusha maji yaleyale vizuri hushuka chini ya 0.2. Pigeni hesabu pamoja na wanafunzi wako wa madarasa ya juu. Megawati 100 zikifanya kazi saa 24 ni kilowati-saa milioni 2.4 kwa siku. Kwa lita 1.8 hiyo ni zaidi ya lita milioni 4.3 kila siku. Kwa lita 0.2 ni lita 480,000. Kituo ni kilekile na umeme ni uleule, ila maji yanatofautiana mara tisa. Ndiyo maana anayesema “kitakausha maji” na anayesema “hakitumii maji” wote wawili wanabahatisha mpaka waone mchoro wa mfumo wa kupoza. Tangazo la 2024 lilizungumzia teknolojia ya kuhifadhi maji. Vizuri. Basi nambari yake iandikwe katika masharti ya leseni, kwa lita, kwa siku, na wakati wa kiangazi itajwe peke yake.

Ulizeni pia maji machafu yanaenda wapi. Maji yanapovukizwa, chumvi hubaki na kujikusanya, na maji hayo mazito yaliyochanganyika na dawa za kuzuia kutu na ukungu lazima yamwagwe mahali. Kifaa kidogo cha kupima chumvichumvi, chenye ukubwa wa kalamu nene, kinatosha kuwaonyesha kwamba mfereji umebadilika.

Na kisima? Nikueleze tunavyofanya, kwa kuwa hiki ni kipimo ambacho hakihitaji mtaalamu. Omba ruhusa ya mwenye kisima na ya chama chenu cha watumiaji maji, kile ambacho wenyewe mnakiita WRUA. Nenda alfajiri kabla pampu haijawashwa, maji yakiwa yamepumzika usiku kucha. Chukua tepu ya chuma ya fundi, iliyosafishwa kwa maji yenye klorini, ufunge uzito mdogo mwishoni, upake chaki mita ya mwisho. Ishushe taratibu hadi alama kamili ya tepu, tuseme mita 24, ikae sawa na mdomo wa kisima. Ivute juu. Chaki iliyolowa hubadilika rangi, na mpaka wake unaonekana wazi kabisa. Ikiwa imelowa sentimita 60, maji yako mita 23.4 chini. Andika tarehe, saa, jina la aliyepima, na kama jana kisima kilitumika sana. Piga picha ya tepu. Mambo hayo yote huchukua dakika kumi. Fanyeni hivyo siku ileile kila wiki, katika visima vitano au sita vilivyotawanyika, na kimoja kati yake kiwe mbali na Olkaria ili kiwaambie ukame peke yake unafanya nini. Kisima hicho cha mbali watu hukisahau, na bila hicho vingine vyote vinaweza kupingwa.

Shuleni kwako weka kipimamvua, kisomwe saa tatu asubuhi kila siku. Usawa wa ziwa wenyewe msihangaike kuupima upya, kwani rekodi zake zinarudi nyuma hadi 1908, na Chama cha wakazi wa kando ya ziwa, Lake Naivasha Riparian Association, kinaufahamu vizuri kuliko mtu yeyote. Ndege wa majini wa Naivasha nao huhesabiwa kila mwaka na watu wa Makavazi ya Kitaifa na Nature Kenya, na wanaojitolea hukaribishwa. Hizo ni kumbukumbu za kabla ambazo tayari mnazo bila kutoa hata shilingi.

Kelele. Watu hudhani kituo cha data ni jengo kimya. Ndani yake kuna maelfu ya feni, na nje kuna mashine za kupoza zinazonguruma usiku na mchana. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba katika makazi mchana, na 35 usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Thelathini na tano ni kimya kikubwa. Huenda mkipima leo mkute tayari mmekivuka kikomo hicho kwa sababu ya visima vya mvuke vinapofunguliwa kujaribiwa, au baa ya jirani, na hilo nalo liandikwe kwa uaminifu. Programu ya kupimia sauti kwenye simu haitakubaliwa kama ushahidi wa mwisho, lakini inatosha kumfanya afisa wa kaunti wa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, aje na kifaa chake. Tumieni simu ileile, mahali palepale, dakika kumi, na mwandike upepo ulikuwaje. Programu nyingi zina mizani mbili, A na C. Pimeni zote mbili. Mizani ya A haisikii vizuri mngurumo mzito, ule unaoingia kifuani mtu akiwa amelala. C ikiizidi A kwa desibeli 15 hivi au zaidi, mna mngurumo, hata kama nambari ya A inaonekana ya kawaida. Wakazi wa Chandler, Arizona, walilalamikia mngurumo wa aina hiyo kwa miaka kabla mji wao haujatunga sheria ya vituo vya data mwishoni mwa 2022.

Moshi nao una chanzo chake: jenereta za dizeli za akiba. Kituo cha megawati 100 kinahitaji makumi ya jenereta kubwa, na hata umeme usipokatika, huwashwa kwa zamu kujaribiwa. Ombeni ratiba ya majaribio. Kwa hewa, vipima vumbi vya bei nafuu vinapatikana, na mradi wa sensors.AFRICA umeshaviweka katika miji kadhaa ya bara hili. Shirika la Afya Duniani linashauri chembe ndogo, zile za PM2.5, zisizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Ila huko kwenu nina tahadhari ya pekee: vifaa hivi huona kwa mwanga, na tone la ukungu au la mvuke huonekana kwavyo kama vumbi. Kifaa kisiwekwe upande unaopigwa na mvuke wa mitambo, wala karibu na jiko la kuni. Mahali pazuri ni paa la zahanati. Na mkiwa zahanati, mwombeni muuguzi mkuu jumla ya wagonjwa wa kifua kwa mwezi. Jumla tu, bila majina, maana habari za mgonjwa zinalindwa na sheria ya 2019.

Kwa ardhi, msirushe droni, zinahitaji kibali na mko jirani na Mbuga ya Hell's Gate. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku tano hivi, picha zake ni za bure kwenye tovuti ya Copernicus, na unaona kitu cha mita 10. Hifadhi picha moja isiyo na mawingu kila mwezi. Eneo likifyekwa kabla ya leseni, mtaliona mkiwa mmekaa kwenye kompyuta ya shule.

Kuna kipimo kimoja ambacho wataalamu wengi hukiacha, nami nakiona cha thamani sana: bei. Kodi ya chumba kimoja Kamere, bei ya mtungi wa lita 20, nauli ya matatu hadi Naivasha mjini. Ziandikeni tarehe mosi ya kila mwezi. Mradi mkubwa hugusa mfuko wa mpangaji kabla haujagusa kisima chake.

Nakuja kwenye karatasi, maana kupima bila kusoma ni nusu ya kazi. Mradi wa namna hii lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 1999. Ripoti ikiwasilishwa NEMA, tangazo hutolewa magazetini na redioni, na umma hupewa muda wa kutoa maoni. Muda huo ni mfupi, siku 30 katika matangazo mengi, kwa kurasa zinazofika mamia. Gawaneni: mmoja asome maji, mwingine kelele, mwingine mpango wa usimamizi wa mazingira ulio mwishoni, ambao ndio unaoahidi nani atapima nini. Mnapoandika maoni, ombeni vipimo vyenu vya visima viwekwe kama hali ya awali. Hapo daftari la kijiji linaingia katika faili la serikali. Maoni yapelekwe kwa nakala mbili, na moja irudi na muhuri wa kupokelewa.

Vikaoni kuweni macho na orodha ya mahudhurio. Umesaini kwamba ulifika, lakini kesho saini hiyo inaweza kuambatishwa kama dalili kwamba ulikubali. Andika kando ya jina lako “nimehudhuria, nina maoni kwa maandishi”, piga picha, na muwe na mwandishi wenu wa kumbukumbu. Sisemi hili kwa kutia chumvi. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa Juni 2019 na Jopo la Kitaifa la Mazingira, na sababu kuu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mkitaka kukata rufaa katika jopo hilo dhidi ya leseni, mna siku 60. Katiba nayo, kifungu cha 70, inakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia.

Na taarifa mnazonyimwa? Hapa mna silaha ambayo watu wa vijijini huitumia kwa nadra. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, na anayeulizwa ana siku 21 za kujibu. Asiyejua kuandika asaidiwe na afisa kuandika ombi lake. Kuomba ni bure, mnalipa nakala tu. Tena haihusu serikali peke yake: kampuni binafsi yenye habari za maslahi makubwa ya umma kuhusu mazingira au afya nayo imo. Mkinyamaziwa, nendeni kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki (Commission on Administrative Justice), yaani Ofisi ya Ombudsman. Barua ya kwanza iende Mamlaka ya Rasilimali za Maji: nani ameomba kibali cha maji kwa ajili ya kituo hiki, kutoka chanzo gani, lita ngapi kwa siku?

Swali hilo dogo limefungua milango kwingine. The Dalles, mji mdogo wa Oregon, ulienda mahakamani kuzuia gazeti lisipate takwimu za maji ya Google, kesi ikaisha Desemba 2022, na ikajulikana kwamba vituo vya kampuni hiyo vilitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji mwaka 2021. Cerrillos, Chile, wakazi walijisomea nyaraka za mradi wa kituo cha data cha Google wakakuta ombi la lita 169 kwa sekunde, na nambari hiyo moja ikawa wimbo wa mtaa mzima. Hawakuwa wanasayansi. Walisoma tu.

Nyie wa Olkaria mna pia funzo la nyumbani. Wamaasai waliohamishwa 2014 kupisha mtambo wa Olkaria IV walipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Jopo lilikuta kasoro za kweli, zikiwamo lugha ya Kimaa kutotumika ipasavyo katika mashauriano, na upatanishi ukazaa makubaliano 2016. Mlango ule ulikuwepo kwa sababu fedha zilikuwa za benki za umma. Mradi wa kampuni binafsi huenda usiwe na mlango kama huo, kwa hiyo ulizeni mapema fedha zinatoka kwa nani, na kila kitu kitafsiriwe Kiswahili na Kimaa kabla ya kikao, si siku ya kikao.

Kwa msaada wa kisheria, Kituo cha Sheria, Katiba Institute na Natural Justice wanafanya kazi hizi. Waendeeni mkiwa na daftari la angalau miezi mitatu. Kesi ya sumu ya madini ya risasi ya Owino Uhuru, Mombasa, ilisimama juu ya vipimo vya damu na udongo hadi Mahakama ya Juu ikarudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 mnamo Desemba 2024. Mawakili walikuwa hodari, lakini vipimo ndivyo vilivyowapa la kusema.

Kuhusu kuanza: usingoje shirika wala ufadhili. Jumamosi hii watafute watu watano, na wawili kati yao wawe wanaotaka sana mradi huu uje. Nasema hivyo kwa kumaanisha. Daftari linaloandikwa na wapinzani peke yao hupingwa, na kijana anayengoja kazi ya ujenzi ana haki ya kujua maji ya mama yake yako mita ngapi. Nunueni daftari lenye jalada gumu, mwandike kwa kalamu ya wino, msirarue ukurasa wala kufuta. Kosa likatwe kwa mstari mmoja na lisainiwe. Kila Ijumaa kurasa zipigwe picha na kutumwa kwenye simu tatu tofauti. Na mmoja wenu apangiwe kazi moja tu, ya kupita kwenye ubao wa matangazo wa chifu na kusoma magazeti kila wiki, ili tangazo la NEMA likitoka msilisikie siku ya 29.

Ukimaliza kupima kisima cha kwanza, nitumie picha ya ukurasa. Nitaukagua kabla hamjaendelea na cha pili.